Harufu Niliyoandika Kuwa Haipo

Shauri Moyo, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Mama Nanjala,

Barua hii ikukute mzima, wewe na mtoto na wazee wote hapo Amukura. Mimi mwili hauna neno. Nauliza kwanza kikohozi cha Nanjala, kimepoa? Anakula? Ameanza kutaja watu kwa majina yao au bado kila mtu kwake ni "kuku"? Tafadhali usiniandikie kwamba yuko salama ukaishia hapo. Hilo neno moja nimelisoma katika barua ya kaka yako mara nyingi mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo.

Naandika kwa Kiswahili kama tulivyozoea kuongea ndani ya nyumba yetu, maana Kibukusu changu unakicheka, na Kiteso chako kinanishinda nikishamaliza salamu. Isome mwenyewe. Usimpe kaka yako akusomee kwa sauti. Siogopi aibu, aibu nimeshaipata ya kunitosha mwaka mzima, lakini yaliyo humu ni yako kwanza kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

Nina mambo mawili. La kwanza, ulisema kweli kuhusu ile harufu, na mimi niliyekubishia nilikuwa nimepotea. La pili ni ombi, na ukilikataa watu wa mtaa huu wataumia. Naanza na lile la kwanza kwa sababu la pili halisimami bila hilo.

Siku uliyofika nimeirudia kichwani mara nyingi. Acha niiandike ujue kwamba naikumbuka yote, si kipande kinachonipendeza tu. Ilikuwa mwezi wa nne. Ulifika na mtoto mgongoni na kuku wawili kikapuni, na kabla hujaketi ukasimama katikati ya chumba ukasema hapa kuna kitu kimekufa. Ukasogeza kitanda. Ukatoa magunia, ukachungulia nyuma ya kabati la vyombo ukitafuta panya. Ukapiga deki siku hiyo na kesho yake na kesho kutwa. Mimi nimekalia kiti nakutazama kama mtu aliyelipa kiingilio. Siku ya nne Mama Wambui, jirani yetu wa mlango wa pili, yule anayenunua mitumba Gikomba akaenda kuiuza Thika, akakwambia uache kujichosha, hiyo ni mifupa inayochemshwa kwenye kiwanda cha gundi ng'ambo ya mto. Hapo ndipo nikainuka nikaleta kitabu changu cha kazi. Nikawasomea mkiwa mmesimama mlangoni. Jumatatu, hakuna. Jumanne, hakuna. Jumatano, hakuna. Halafu nikakwambia, na Mama Wambui anasikia: "Pua ya serikali ni hii hapa usoni mwangu. Wewe ni mwanamke wa shamba, unatafuta tu sababu ya kurudi kwenu."

Ulikaa majuma mawili zaidi bila kulitaja jambo hilo tena, na mtoto akakataa uji, akakataa maziwa, akaanza kukohoa, mwishowe ukafunga mizigo. Sikukusindikiza hata mpaka kwenye bomba la maji. Nilijifanya nasoma gazeti, na lilikuwa gazeti la juma lililopita.

Kazi yangu sikuwahi kukueleza vizuri, yaani nilikwepa kukueleza, kwa sababu nilipenda uione kubwa. Si kubwa. Nilipewa kisanduku chenye mirija miwili ya kioo, unaitia puani kama vile mtu anapima miwani mahali pasipo pake. Ndani kuna makaa ya kuchuja hewa, kwa hiyo ukivuta pumzi hupati harufu yoyote. Ubavuni kuna matundu manne yenye vizibo, la kwanza dogo kama ncha ya kalamu, la nne kubwa. Unafungua lile dogo kwanza. Ukinusa kitu, basi hewa ya nje ni mbaya sana, maana hata ile chembe iliyoingia imetosha. Usiponusa unafungua linalofuata, hadi la nne. Ukifungua yote na hupati kitu, unaandika hakuna. Unaandika na saa, na upepo unakotoka, ambao naupima kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ufito. Ukipata harufu unaifuata, unatembea kuelekea upepo unakotoka, unapima, unatembea, mpaka ufike kwenye lango la mwenye nayo.

Basi ni hiyo tu. Lakini ina masharti. Mnusaji havuti sigara, hali kitunguu siku ya kazi, hapaki mafuta ya kunukia, haogi kwa sabuni ya marashi. Kanisani nakaa kiti cha nyuma kabisa kwa sababu ya manukato ya akina mama. Watu wa mtaa wa Mowlem waliponialika kwenye harusi ya mwenzetu wa kazini nilikula nimesimama nje, upande moshi usikofika. Tangu uondoke napika sukuma wiki ya chumvi tupu na ugali wa huu unga wa njano, nakula, naosha sahani, na bado jua halijazama. Kuna siku nimemaliza bila kuongea na binadamu isipokuwa vijana wa pale kona. Wao huniita Bwana Pua. "Bwana Pua, niaje, leo tunanuka namba ngapi?" Nawajibu hakuna. Wanacheka, napita, na hayo ndiyo yanakuwa mazungumzo yangu ya siku nzima. Nakwambia ukweli, Mama Nanjala, upweke huu sikuujua. Nilipokuwa kapera nilikuwa peke yangu pia, lakini nilikuwa sijui ninachokosa.

Kuna sharti moja kubwa kuliko la kitunguu, na hilo nilikuficha. Mnusaji haruhusiwi kulala katika mtaa anaoupima. Ofisini imeandikwa kwamba nakaa Eastleigh kwa binamu yangu. Ni kweli nilikaa huko, watu sita chumba kimoja, tunapokezana godoro. Kisha chumba hiki cha kanjo, hao hao baraza la jiji walioniajiri, kikapatikana, nikasema hapa mke wangu anaweza kufika akavua viatu akakaa. Nikahama kimya kimya, nikaomba nipewe kupima huku huku Shauri Moyo nisiwe natembea mbali, na ofisini sikutaja kwamba nimehama. Lile sharti niliona ni maneno ya watu wa vitabuni. Niliamini pua nzuri ni pua nzuri, popote inapolala.

Sasa sikiliza lililofuata. Mwezi wa sita watu wa mtaa walikusanyika pale bombani wakaandika barua kwa kanjo. Kiwanda kinataka kuongeza tangi la pili la kuchemshia, na wao wanasema hili moja limeshawashinda, watoto wachanga wanatapika, mgeni hawezi kukaribishwa chakula. Mama Wambui ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na kalamu. Wenye kiwanda walijibu kwa adabu sana. Walisema wakubwa wasome kitabu cha kanjo yenyewe, cha kituo cha Shauri Moyo, waone imeandikwa nini. Hicho ni kitabu changu. Meneja wao alikuja ofisini, akanishika mkono mbele ya wenzangu akaniita kijana mwaminifu. Nisikudanganye, nilifurahi. Nilitembea nyumbani kifua mbele.

Mkubwa wangu ni Bwana Afya, mzee mmoja mtaratibu wa kutoka Machakos. Yeye hakufurahi. Alikiweka kitabu changu kando ya kile cha Mutiso, mwenzangu anayepima upande wa pili wa kiwanda kile kile, na cha Mutiso kilikuwa kimejaa, tundu la pili, tundu la kwanza, tundu la kwanza. Akaniuliza kama upepo wa Nairobi nao umeanza kuwa na ubaguzi. Nikamweleza kwamba mto unaikata harufu isivuke. Nilieleza vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaamini. Akaniambia niende nikachukue likizo yangu, naonekana nimechoka.

Nikaenda Limuru kwa ndugu yangu anayefanya kazi kwenye majani chai. Siku kumi na mbili. Baridi ya huko unaijua kwa kusikia tu, lakini hewa yake, asubuhi, ni majani mabichi na moshi wa kuni. Shemeji alinipikia na kitunguu nikala kama mtu aliyetoka jela. Usiku nilikuwa nawafikiria ninyi wawili, nikawa naandika barua hii kichwani, ila ile barua ilikuwa ya kukulaumu.

Niliporudi niliteremkia Gikomba nikakata kwa miguu. Pale mfereji unapopinda kuelekea kwenye nyumba yetu nikasimama. Nikasema moyoni, mbwa amekufa hapa. Nikachungulia mferejini, hakuna mbwa. Nikaendelea, ikazidi. Nikafungua mlango, ikawa ndani pia. Nikaweka mfuko chini nikatazama nyuma ya kabati, nikatoa magunia, nikashika kitanda kukisogeza. Nimekiinua mguu mmoja hivi ndipo nikajiona. Nikabaki nimekishikilia, sikujua nikiweke au nifanye nini.

Ilikuwa kwenye blanketi. Ilikuwa kwenye unga. Kuna lile gauni dogo la Nanjala, la maua, ulilolisahau kwenye kamba. Nililileta usoni nikitafuta harufu ya mtoto wangu, nikapata mifupa. Hapo nililia, na sioni sababu ya kukuficha.

Nikachukua kisanduku nikatoka nje. Tundu la kwanza, lile la ncha ya kalamu, likatosha. Nikaandika. Kesho yake ikawa tundu la kwanza kwa shida, keshokutwa la pili, kisha la nne. Siku ya tano, Ijumaa, nikafungua yote nikapata hewa tupu. Upepo ulikuwa ule ule wa kutoka mtoni, kitambaa kinaonyesha. Nikafurahi tena, mjinga mimi. Nikamkimbilia Mama Wambui, alikuwa anakunja mitumba mlangoni kwake, ndiyo kwanza amerudi kutoka Thika. Nikamuuliza kama kiwanda kimefungwa leo.

"Hakijafungwa," akasema. "Ni wewe umezoea."

Akaendelea kukunja nguo zake. Yeye hutoka mtaani kila siku, na kila jioni akirudi inampiga usoni upya. Wengi wa mtaa huu ni hivyo, wanakwenda mbali kutafuta riziki na kurudi. Mimi nilikuwa nalala humo na kushinda humo na kuabudu humo. Siku nne tano zilitosha pua yangu kuhamia kabisa. Miezi yote ile niliandika hakuna, na niliandika kwa moyo mweupe, na kila neno lilikuwa uongo. Na juu ya neno hilo ndipo nilipokuita mwanamke wa shamba.

Jumatatu nikaenda kwa Bwana Afya nikamwambia yote. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Kwa hiyo kitabu chote ni bure," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na unakolala ulinidanganya. Kwa nini?"

Nikamwambia nilitaka mke wangu apate mahali pa kufikia. Akaniuliza, kwa upole kabisa, huyo mke yuko wapi sasa. Akavaa miwani yake akaanza kuandika.

Kisanduku nimenyang'anywa. Kwa sasa niko na kikundi cha kupiga dawa ya mbu mitaroni, na barua ya onyo ninayo. Kama nitafukuzwa au nitabaki itaamuliwa baadaye, na hilo sikusumbui nalo. Linalonisumbua ni kwamba kitabu changu kimefutwa, na sasa mtaa huu hauna ushahidi wowote. Kiwanda kinasema kitabu cha Mutiso ni cha upande wa viwanda, ambako kila kitu kinanuka. Kinasema watu wa Shauri Moyo wana chuki zao tu. Tangi la pili limeshaletwa, limelala kwenye uwanja wao chini ya turubai, nimeliona nikipiga dawa. Bwana Afya anasema kamati ya kanjo itakayoamua juu ya tangi hilo inaweza kumsikiliza mtu mmoja. Awe mtu aliyefika mtaani akiwa mgeni, asiye na nyumba wala biashara hapa, akainusa siku ya kwanza, na akasema siku hiyo hiyo.

Nilikwenda bombani nikawaeleza watu wote. Ulikuwa mkutano mzito. Baba mmoja aliyemzika mtoto mwaka jana alinyanyuka akaondoka kabla sijamaliza, na sikumlaumu. Mama Wambui akasema nyani haoni kundule, wengine wakaguna. Kisha akasema kuna methali nyingine, mgeni njoo mwenyeji apone, ila mgeni wetu sisi alifukuzwa na mwenyeji. Akanigeukia. "Mkeo ndiye aliyeinusa. Mwandikie."

Ndilo ombi langu. Kamati inakaa Jumatano ya mwisho wa mwezi huu, saa nne asubuhi. Nauli italetwa na dereva wa basi, na imetoka kwa watu wa mtaa, si kwangu, kwa hiyo usiione kuwa kamba ya kukuvutia. Utalala kwa Mama Wambui. Godoro ameshalianika, anauliza kama unakunywa chai na tangawizi. Kwangu hutalazimika kuingia. Mtoto muache na nyanya yake, ingawa natamani sana kumwona, kwa sababu sitaki arudi kuvuta hewa hii hata siku moja. Na ukimaliza kusema, kama utataka kupanda basi la jioni urudi kwenu, nitakupeleka kituoni nibebe mfuko wako. Kama utataka kuzungumza, nitazungumza. Mimi ninachotaka unakijua. Nakutaka urudi, nami nimeanza kuulizia chumba mbali na huku, lakini hilo si sharti la ombi hili na wala usilichanganye nalo.

Nisalimie mzee baba mkwe kwa heshima zote, umwambie sijasahau kwamba alinipa binti yake na si mzigo. Mama mkwe mwambie namshukuru kwa uji wa wimbi anaompa mjukuu wake. Kaka yako mwalimu mwambie mwandiko wake mzuri ila habari anazibana. Nisalimie na yule shangazi yako mwenye duka, aliyenionya siku ya harusi kwamba najua kuongea kuliko kusikiliza. Nanjala mshike mashavu yote mawili.

Sasa la mwisho. Bwana Afya amenieleza watakavyokuhoji. Watakuuliza uliinusa lini, utawajibu. Watakuuliza siku ile ulimwambia nani, maana hapo ndipo penye uzito. Utasema ulimwambia mume wako. Kisha watakuuliza mume wako alikujibu nini.

Mama Nanjala, usinistahi. Najua ulivyolelewa, najua mume hasemwi mbele za watu, na najua hata kwenu hujawaeleza nilichokwambia, maana kama ungewaeleza kaka yako asingeniandikia kwa adabu ile. Siku hiyo niseme. Sema maneno yale yale, mbele ya meneja na mbele ya wakubwa wangu, ukianzia kwenye pua ya serikali mpaka mwisho. Nitakuwa nimekaa kiti cha mbele. Mwenyekiti akinigeukia aulize kama ni kweli, nitasimama niseme ni kweli, mke wangu alinusa sawasawa, na hivyo ndivyo nilivyomjibu.

Ni mimi,
Baba Nanjala